Kuruka Kalkulasi sawa, ila unatua wapi? Kisa cha mpwa wangu na krediti zake 26

Julai mwaka juzi dadangu alinipigia simu ana furaha mpaka maneno yanagongana mdomoni, matokeo ya AP ya bintiye yametoka na mtoto kapasua. Nikasema hongera sana, hebu nitumie. Ikaja picha ya skrini: Calculus BC 4, Chemistry 4, Biology 5, English Language 4, US History 3. Kwa wasioijua, AP (Advanced Placement) ni mitihani ya ngazi ya chuo wanayofanya wanafunzi wa sekondari huku Marekani, inasimamiwa na College Board, inafanyika Mei kila mwaka, inapimwa 1 hadi 5, na chuo kikiikubali alama yako kinakupa krediti kana kwamba ile kozi ya mwaka wa kwanza umeshaisoma hapohapo chuoni. Wenye IB (International Baccalaureate) ya Higher Level na wenye A level za Cambridge nao wakifika vyuo vya Marekani wanakutana na swali hilihili, kwahiyo hata kama mwanao hakufanya AP soma tu, hesabu ni zilezile.

Mtoto alikuwa ameshapata chuo kikuu cha umma cha jimbo lao, uhandisi wa kemikali, na skolashipu ya semista 8 mradi GPA (wastani wa gredi zake) isishuke chini ya 3.0. Shemeji yangu ni mtu wa mahesabu. Nilipofika kwao wikiendi ile nikamkuta ameshaprinti jedwali la chuo la alama za AP na krediti zake, ameshapiga mistari kwa kalamu nyekundu, na chini kabisa kaandika 26 na kaizungushia duara. Kalkulasi krediti 8 (ya 1 na ya 2), Kemia 1 krediti 4, Biolojia 8, Kiingereza 3, Historia 3. Akanambia kaka, krediti 30 ni mwaka mzima, huyu anaanza chuo akiwa karibu amemaliza mwaka wa kwanza, tunaokoa mwaka wa kodi ya nyumba na chakula.

Dada yeye anataka kinyume kabisa. Amesikia kazini kwake kwamba watoto wajanja hawaruki kitu, wanarudia hizo kozi nyepesi, wanaokota A za bure, GPA inapaa, alafu wakimaliza digrii ya kwanza wanaomba udaktari. (Udaktari ni wa dada. Mtoto hajawahi kuutaja mbele yangu hata siku moja, ila hajaukataa pia, na mimi nimejifunza kutoingilia hapo.)

Mwenyewe alikuwa kakaa kwenye kochi anachezea simu. Nikamuuliza mama, wewe je? Akasema mjomba mi nachojua sitaki kukaa tena darasani mtu ananifundisha limiti. Basi.

Sasa mimi nimesoma uhandisi huku, na miaka kadhaa nimekuwa nikifundisha tyuta watoto wa watu Kalkulasi jioni, kwahiyo hili swali nimeliona likija kwa sura nyingi na karibu kila mara watu wanabishana juu ya kitu ambacho sio chenyewe. Wanabishana juu ya kozi inayorukwa. Je ni rahisi, je anaijua, je itampa A. Mi siku hizi kozi ya kurukwa siiangalii sana, naangalia ile inayofuata, pale mtoto anapotua. Kuruka mtaro kila mtu anaweza, ila ng'ambo kuna udongo mgumu au kuna tope?

Kwahiyo kitu cha kwanza nilichofanya ni kuweka pembeni lile jedwali la shemeji na kufungua karatasi nyingine kabisa, ule mpango wa digrii wa semista kwa semista ambao kila idara ya uhandisi huwa nao, wenye visanduku na mishale. Krediti 128 kwa jumla. Tukaanza kuweka kila krediti ya AP kwenye kisanduku chake. Kiingereza, kipo kisanduku, weka. Historia, ipo sehemu ya masomo ya jumla, weka. Hapa nikamwambia shemeji ashukuru ni chuo cha umma na jimbo lao ni katika yale yenye sheria kwamba alama 3 ipewe krediti, Illinois kwa mfano walipitisha sheria ya namna hiyo 2015, ila hata kwenye majimbo hayo chuo ndicho kinachoamua krediti hiyo inaingia kama kozi gani, inaweza kuwa kozi halisi au inaweza kuwa ya hiari tu ya kujazia. Kalkulasi 1 na 2, vipo visanduku. Kemia 1, kipo. Biolojia? Tukatafuta. Tukageuza karatasi. Hakuna. Ule mpango hauna hata sehemu moja ya somo la hiari huru, kila kitu kimepangwa. Zile krediti 8 za alama yake bora kuliko zote, ile 5, zitaandikwa kwenye transkripti zikae pale kama picha ya ukutani.

26 ikawa 18. Shemeji akavua miwani.

Alafu nikamwonyesha mishale. Uhandisi wa kemikali pale chuoni una mnyororo unaoanza mwaka wa pili semista ya kwanza na ile kozi ya mizania ya maada na nishati, baada yake thermodinamiki, alafu mtiririko wa vimiminika na joto, alafu utenganishaji na rieakta kwa pamoja, mpaka mradi wa mwisho wa usanifu ambao nao ni semista mbili. Semista 6 mfululizo, na kila kozi ya mnyororo inafundishwa mara moja tu kwa mwaka. Ili uingie unatakiwa uwe na Kemia 2 na Kalkulasi 2. Mwanafunzi wa kawaida anafanya Kemia 1 semista ya kwanza, Kemia 2 semista ya pili, anaingia mwaka wa pili yuko tayari. Huyu wetu akiruka Kemia 1 atafanya Kemia 2 semista ya kwanza, semista ya pili yuko tayari... alafu anasubiri. Manake kozi yenyewe haifundishwi mpaka mwaka wa pili uanze. Anafika stendi saa kumi na mbili, basi linaondoka saa tatu, na yule aliyekuja saa mbili na nusu wanapanda pamoja.

Semista zilizookolewa: sifuri.

Na kuhusu pesa, hapa watu wengi wanajidanganya, vyuo vingi huku ukishakuwa mwanafunzi wa muda wote unalipa ada ileile, uchukue krediti 12 au uchukue 17, kwahiyo kozi moja kupungua hakupunguzi bili. Ada inapungua pale tu semista nzima inapokatika. Kwa fani zenye uhuru, kama uchumi au siasa au Kiingereza, krediti 26 kweli zinaweza kukata semista na nimeshaona mtu anamaliza kwa miaka mitatu, ila kwa uhandisi, uuguzi, na fani zote zenye mnyororo, mnyororo ndo unaamua. Na huyu ana skolashipu ya semista 8 hata hivyo. Shemeji alinuna kama dakika kumi hivi alafu akauliza swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa siku ile: sasa kama haipunguzi muda wala pesa, inanunua nini?

Inanunua nafasi. Ndo jibu. Na nafasi ina thamani tu kama unajua utaiweka nini.

Nikamgeukia dada. Nikamwambia hizi A za bure unazosikia, fikiria nani amekaa kwenye hilo darasa. Kalkulasi 1 ya wahandisi kwenye chuo kikubwa nusu ya ukumbi ni watoto waliofanya AP kama wa kwako na wanarudia kwa sababu hiyohiyo ya mama zao, profesa anaujua mchezo, mtihani anatunga kwa kuangalia hao. A haiokotwi. Tena kuna kitu kingine, krediti ya AP haina gredi, inaingia kama krediti tupu, haipandishi GPA wala haiishushi, kwahiyo hofu kwamba 4 itaonekana mbaya kwenye GPA iondoe. Kuhusu udaktari hapo dada ana hoja, tena kubwa kuliko alivyojua mwenyewe: vyuo vingi vya udaktari vya Marekani haviridhiki na AP peke yake kwa Biolojia na Kemia, vinataka uwe umesoma chuoni na labu yake, au kama umeruka ya kwanza basi uonyeshe kozi za juu zaidi za somo hilohilo. Kwahiyo mtu anayefikiria udaktari akiruka Kemia na Biolojia kwa furaha mwaka wa kwanza anaweza kujikuta mwaka wa tatu anatafuta kozi ya kuziba pengo.

Nikaona sasa tunaongea masomo mawili tofauti kwa pumzi moja. Nikaomba tuyatenganishe, Kalkulasi kivyake na Kemia kivyake, manake jibu la moja sio jibu la jingine. Kiingereza na Historia hatukupoteza hata dakika mbili, chukua krediti, twende.

Tuanze na Kemia maana ilikuwa fupi. Nikamuuliza umeshawahi kufanya taitresheni? Akasema ndio. Nikasema na bureti mkononi? Akacheka. Shule yao mwalimu wa Kemia aliondoka katikati ya mwaka, labu zikawa ni za kwenye kompyuta, unabofya tone linadondoka, rangi inageuka, unaandika ripoti. Silabasi ya AP Chemistry inataka robo ya muda wa darasa iwe labu, ila mtihani wenyewe unafanywa kwa karatasi na skrini, hakuna anayekukagua mkono. Alama 4 yake ni halali kabisa, anajua ikwilibriamu, anajua mole. Ila akiruka Kemia 1 anaruka na labu yake, na pale anapotua ni labu ya Kemia 2 na watu waliokaa semista nzima wakijifunza kusoma mstari wa chini wa ule mkunjo wa maji kwenye bureti na kuvunja vioo vya bei rahisi. Na mwaka unaofuata kuna Kemia ya Oganiki, ambayo ni labu ya masaa mengi. Ongeza na suala la udaktari ambalo halijafa. Na faida ya kuruka tumeshaona ni sifuri kwenye mnyororo. Hapo sikuona sababu hata moja ya kuruka. Asome Kemia 1. 18 ikawa 14, na shemeji safari hii hakununa.

Kalkulasi ndo ilinilaza macho.

Kwa ile 4 ya Calculus BC chuo kilikuwa kinampa Kalkulasi 1 na 2 zote, anatua moja kwa moja kwenye Kalkulasi 3. Vyuo vinatofautiana sana hapa, MIT kwa mfano wanataka 5 kwenye BC na hata hiyo 5 inakupa 18.01 tu ambayo ni kozi yao ya kwanza ya Kalkulasi, na Dartmouth waliacha kabisa kutoa krediti za AP kwa walioingia kuanzia 2014, wanatumia alama kukupanga darasa tu. Kwahiyo kwamba chuo kimekubali sio ushahidi kwamba mtoto yuko tayari, ni sera ya ofisi tu, ofisi nyingine ingesema vingine kuhusu mtoto yuleyule.

Ile 4 ilikuwa na kitu ndani yake ambacho wengi hawakiangalii. Ukifanya BC unapewa na alama ndogo ya sehemu ya AB, na yeye AB ilikuwa 5. AB ni kama Kalkulasi 1, BC inaongeza ya 2. Kwahiyo 5 ya AB na 4 ya jumla inakwambia maksi zilivujia upande wa vitu vya BC, mifululizo, intigresheni za mbinu, pola, vitu kama hivyo. Kalkulasi 1 iko imara, tena ni chuma, wala tusiijadili, na limiti zake asizione tena kama anavyotaka. Swali ni Kalkulasi 2.

Nikafanya kitu ambacho nawashauri wote, hakina gharama. Idara nyingi za hesabu zinaweka mitihani ya mwisho ya zamani mtandaoni. Nikatafuta wa Kalkulasi 2 wa chuo chake hichohicho, nikaprinti, Jumapili asubuhi nikamkalisha mezani masaa mawili bila simu bila kikokotoo. Mtihani wa AP sehemu nyingine una ruhusa ya kikokotoo, chuo hiki Kalkulasi hakuna, hiyo nayo ni tofauti inayowaangusha watu.

Swali la kwanza ilikuwa kuintigreti mzizi wa 9 − x². Nilikuwa nimesimama nyuma yake na kikombe mkononi. Akaandika u = 9 − x². Akaandika du = −2x dx. Akasimama, manake hiyo du inadai x na x haipo pale nje. Akafuta. Akaandika tena u, safari hii mzizi mzima. Akafuta. Ikapita dakika sita, karatasi inaanza kutoboka, nikamwambia ruka endelea na mengine. Alipomaliza akanigeukia macho mekundu, mjomba hii sijawahi kuiona. Na alikuwa anasema kweli! Ile mbinu ya kuweka x = 3 sin θ haimo kwenye silabasi ya BC. Hawakuisahau shuleni kwao, haimo. Vyuo vingi Kalkulasi 2 inaifundisha wiki nzima, mtoto wa AP anaweza kupata 5 safi na hajawahi kukutana nayo.

Mifululizo nayo ilinishangaza kwa upande mwingine. Nilitegemea aangukie hapo, kumbe kikomo cha kosa cha mfululizo wa alama zinazopishana alikipiga vizuri kuliko wanafunzi wangu wa chuo, kwa sababu AP inalipenda swali hilo na mwalimu aliwapigisha mazoezi mpaka basi. Nilipomuuliza kwanini kipimo cha uwiano kinafanya kazi, akanitazama tu. Anajua lini akitumie, hajui kwanini. Kwa jumla nikimsahihisha kwa haki alipata kama 58 kwa 100, na karibu maksi 20 katika alizokosa zilikuwa ni vitu ambavyo hajawahi kufundishwa, sio ambavyo hajui.

Hapo dada akasema umeona, arudie. Na mimi nusura nikubali. Ila nikajiuliza lile swali langu, anatua wapi? Anatua Kalkulasi 3. Kalkulasi 3 ni vekta, derivati za vigezo vingi, intigro mbili mbili na tatu tatu, inahitaji pola (anayo, BC inafundisha), inahitaji parametriki (anayo), inahitaji Kalkulasi 1 iwe kwenye damu (anayo, 5). Mifululizo haiguswi sana. Ile mbinu ya sine inatokea hapa na pale, wiki mbili za kiangazi zinatosha. Kwahiyo pengo la Kalkulasi 2 lipo kweli, ila halipo pale anapotua. Na ukimrudisha Kalkulasi 2 anakaa kwenye kozi ambayo pale chuoni ndo inajulikana kwa kuchuja watu, robo tatu anaijua na robo haijui, huo ni mchanganyiko mbaya sana wa kukaa nao.

Na nafasi? Akianza na Kalkulasi 3, semista ya pili anafanya milinganyo ya diferensho, hesabu zote za digrii zimeisha mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili visanduku viwili viko wazi. Nikamwambia dada, hapo ndo Biolojia ya chuo na labu yake inaingia, semista mbili, bila kurefusha digrii. Kwahiyo anayeulipia udaktari wako ni huku kuruka Kalkulasi unakokuogopa. Alikaa kimya akaenda jikoni, nikajua nimeshinda au nimemkera, mara nyingi vinafanana.

Kabla hatujaamua niliwaambia wamwandikie advaiza (mshauri wa masomo wa chuo) kwa imeili, sio kuuliza kwa simu, ili jibu libaki limeandikwa. Maana krediti za AP zina mtego: pale kwao ukisoma kozi ambayo una krediti yake, ile ya AP inafutwa, huhesabiwi mara mbili. Hiyo inamaanisha Kemia 1 akiisoma anapoteza zile 4 (sawa, tumekubali), na Biolojia akiisoma mwaka wa pili anapoteza zile 8 za ukutani (hazina kazi, ziende). Ila na Kalkulasi je, akianza ya 3 ikamshinda akataka kushuka ya 2? Advaiza akajibu anaruhusiwa mpaka siku ya mwisho ya kuongeza na kuacha kozi, siku ya 10 ya semista, akiacha baada ya hapo anapata W, alama ya kuacha kozi. Vyuo vingine krediti ikishaandikwa haitoki tena, kwahiyo hilo swali liulizeni kabla hamjabofya kitu.

Uamuzi ukawa hivi: Kalkulasi 3, Kemia 1 na labu, programu ya kompyuta, utangulizi wa uhandisi wa krediti 1, na somo moja la jumla, krediti 15. Kiangazi nikampa orodha yangu, mbinu ya sine, mazoezi ya intigresheni bila kikokotoo nusu saa kwa siku, na kwanini ya kila kipimo cha mfululizo. Alifanya kama theluthi mbili. Nilijua, sikusema.

Matokeo sasa. Kalkulasi 3 alipata B+. Siku ya 9 ya semista alinitumia ujumbe, mjomba nashuka au nabaki, nikamuuliza kwizi ya kwanza ulipata ngapi, akasema 7 kwa 10, nikamwambia na wenzio? Akasema wastani 6.4. Baki.

Kemia 1, ile tuliyokubaliana wote kwa raha kwamba asome, ile ambayo sikuona ubaya wake, ndo ilitaka kumtoa roho. Wiki tano za kwanza kila kitu anakijua. Akaanza kuingia darasani anafungua laptopu anafanya kazi za Kalkulasi. Alafu akaacha kuingia kabisa, anakwenda labu tu. Mtihani wa kwanza 94. Mtihani wa pili 61. Alikuwa hajagundua ni lini profesa alipita mpaka wa alivyovijua. Hilo mimi nililikosa kabisa kwenye uchambuzi wangu wote wa mishale na visanduku, nilihesabu kwamba kurudia ni salama, kumbe kurudia kuna hatari yake na inakuja kimya kimya, tena kwa mtoto mwenye akili inakuja haraka zaidi. Aliokota mpaka B mwishoni. GPA ya semista 3.3, skolashipu salama, dada aliniambia A za bure ziko wapi kaka, nikamwambia ndo hizo.

Labu lakini, labu alipata A, na alinitumia picha ya chupa ya taitresheni ikiwa na ule upinki hafifu kabisa, ule wa tone moja, sio ule wa kumwaga. Hiyo picha bado ninayo.

Semista ya pili, milinganyo ya diferensho. Machi hivi, saa tano usiku, simu inaita. Wako kwenye Laplace, mbinu ya kutatua milinganyo hiyo. Ana sehemu yenye 1 juu na s(s² + 4) chini na anataka kuivunja vipande viwili. Ameandika A juu ya s, kujumlisha B juu ya s² + 4, na namba hazikubali, mjomba A inataka kuwa robo na hapohapo inataka kuwa sifuri, nimerudia mara nne. Nikaangalia dari. BC inafundisha kuvunja sehemu, ndio, ila zile tu ambazo chini ni vipande vya mstari visivyojirudia. Yenye s² + 4 hawagusi. Kalkulasi 2 ya chuo inagusa. Kumbe pengo lilikuwepo pale anapotua, ila sio mtuo wa kwanza, ni wa pili, na mi niliangalia mmoja tu.

Nikamwambia juu ya s² + 4 usiweke B peke yake, weka Bs + C. Kimya. Nasikia kalamu. Alafu "aaah," ndefu, alafu "robo, hasi robo, sifuri," alafu akakata simu bila hata usiku mwema.

Kwenye orodha yangu ya kiangazi hiyo mada haikuwepo. Nimeiongeza, maana mdogo wake anafanya BC Mei hii.